Bushi za kurekebisha ekseli ya mbele: Land Cruiser iliyoinuliwa, kutoka Nakuru hadi Mau Narok

Watazamaji, hamjambo. Naomba muitazame kwa makini bushi hii niliyoishika karibu na kamera, yaani kile kipande cha mviringo cha chuma na mpira kinachokaa kwenye maungio ya ekseli, kwa sababu kile kinachoonekana kama kasoro ndicho tunachokilipia: tundu lake halipo katikati. Limesogezwa upande kwa milimita chache, na kwenye ukingo wa chuma kumechongwa mshale mdogo wa kumwonyesha fundi tundu limeelekea wapi. Seti ina bushi nne, mbili kwa kila mkono unaoshika ekseli ya mbele, na kazi yake ni kuizungusha ekseli nzima kidogo kuelekea nyuma.

Gari letu ni Land Cruiser 79 ya pikapu, yenye koili mbele na springi za mabamba nyuma. Tuliliinua kwa milimita 50 hapa Nakuru kwa ajili ya njia za Elburgon na Mau Narok, ambako malori ya mbao na ya viazi huchimba mifereji mirefu wakati wa mvua, na gari la kimo cha kawaida hubaki limekalia difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, huku magurudumu yakining'inia. Kwenye tope tulifurahi. Tuliporudi kwenye lami ndipo matatizo yalipoanza, kwani gari lilikuwa likitangatanga barabarani na kuteremkia kushoto kila mahali ambapo lami imeinama kuelekea mtaroni.

Chanzo chake si vigumu kukielewa ukiitazama baiskeli. Uma wa mbele wa baiskeli haukusimama wima, bali umelala kidogo nyuma, na mlalo huo ndio unaolifanya gurudumu lijinyooshe lenyewe hata mwendeshaji akiachilia mikono. Ekseli ya gari hili ina mlalo kama huo kwenye kingipini zake, yaani mihimili ambayo gurudumu hugeukia usukani ukikatwa, na mafundi huuita kasta. Sasa, mikono ya ekseli imefungwa kwenye chasisi nyuma ya magurudumu ya mbele, hivyo mwili wa gari ukipanda, mikono huinama na kuipindua ekseli mbele pamoja nayo. Kwa mkono wa urefu wa milimita 900 hivi, milimita 50 za kuinua ni sawa na digrii 3 na kidogo. Karatasi yetu ya alaimenti, yaani ya vipimo vya mkao wa magurudumu, ilikuwa na digrii 3 kabla ya kazi, na baada ya kuinua ilisoma sifuri. Kwa lugha nyingine, tulikuwa tunaendesha baiskeli yenye uma uliosimama wima, kwa kilomita 80 kwa saa, huku matrela ya Salgaa yakitupita kwa kishindo cha upepo.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hulikimbilia kwanza kwa kuwa linaonekana kwa macho, nalo ni ekseli kuhamia upande. Panhadi, yaani kile chuma kirefu kinachotoka kwenye chasisi upande mmoja na kuishika ekseli upande wa pili, husimama zaidi gari likiinuliwa, na kwa hiyo huivuta ekseli kuelekea upande ilikofungwa kwenye chasisi. Tulipima kwa timazi ya waashi: ukining'iniza uzi kutoka kwenye ukingo wa bodi hadi kwenye tairi, unapata pengo la kila upande. Sisi tulipata milimita 38 upande mmoja na 26 upande wa pili, na nusu ya tofauti hiyo, yaani milimita 6, ndiyo ekseli iliyokuwa imehama. Panhadi ya kurekebishwa urefu huondoa milimita hizo, lakini kwa maoni yangu milimita 6 hazimnyimi mtu usingizi. Atakayeinua kwa milimita 75 au zaidi na ainunue. Wa 50 na aanze na kasta, halafu anyooshe usukani kwenye fimbo yake.

Ufungaji ndio uliotuchelewesha. Bushi za zamani hutolewa kwa presi, wala si kwa nyundo, na zile mpya lazima zielekezwe sawasawa: kwenye gari hili tundu la bushi ya mbele hukaa juu na la nyuma hukaa chini, mikono yote miwili. Karakana ya kwanza tuliyokwenda, ambayo sitaitaja, iliigeuza bushi moja ya mkono wa kushoto. Bolti ya mwisho ilikataa kuingia, nao wakailazimisha kwa mtaimbo. Ningepaswa kusimamisha kazi papo hapo. Nilikuja kumulika kwa tochi jioni, nikaona mshale mmoja ukitazama upande usiofaa, na mikono miwili ikiipinda ekseli kila mmoja kwa namna yake. Tulizitoa bushi zote siku iliyofuata. Bolti zake, na zile za panhadi, zikazwe kikamilifu gari likiwa limesimama kwa uzito wake wote chini. Ukikaza ekseli ikiwa imening'inia kwenye jeki, mpira hubaki umesokotwa na huchanika kabla ya wakati wake.

Baada ya marekebisho tulisoma digrii 2 na nusu pande zote mbili. Usukani sasa ni mzito kiasi wakati wa kuegesha, ila ukitoka kwenye kona unajirudisha wenyewe, na trela likipita sishtuki tena. Nilichagua za mpira badala ya zile za plastiki ngumu, na ningechagua hivyo tena, kwa sababu mikono ya aina hii hutegemea mpira ukubali kupindika pale gurudumu moja linapopanda jiwe na jingine kuzama. Zile ngumu hushikilia vizuri kwenye lami, lakini hulia na kubana kule tunakokwenda.

Mapungufu yapo. Ekseli ikizungushwa nyuma, pua ya difu huinama, na propela ya mbele, ile fimbo inayozunguka kupeleka nguvu kwenye difu, hufanya kazi kwa pembe kali zaidi. Sisi tunasikia mtetemo mdogo tukiwa tumeunganisha magurudumu manne na kupita kilomita 60 kwa saa. Pia bushi hizi haziisukumi ekseli mbele. Ekseli yetu ilirudi nyuma kidogo mikono ilipoinama, na tairi la inchi 33 linakwaruza ukingo wa nyuma wa madigadi usukani ukikatwa hadi mwisho. Dawa ya hilo ni mikono mipya iliyotengenezwa mirefu zaidi, ambayo bei yake ni mara kadhaa ya bushi. Kwa sasa tumekata sentimita 2 za plastiki ya madigadi kwa msumeno, na mchubuko mweusi mnaouona hapa ndipo tairi linapogusa bado.