Dirisha gani kwa nyumba ya Pwani? Nimeyapanga kuanzia la kwanza hadi la mwisho

Boma limesimama, bati limekaa, mfuko umeanza kutoboka, na fundi anakuuliza: "Bosi, madirisha tunaweka gani?" Wengi wetu hapo hujibu haraka, "Weka aluminiamu ya kuslaidi kama ya jirani," ili mambo yasonge. Mimi nilijibu hivyohivyo nilipojenga Kigamboni, si mbali na bahari. Masika ya pili yalinikuta nimepiga magoti sebuleni na kijiko cha chai mkononi, nachota mchanga na maji kwenye reli ya chini ya dirisha. Vitundu vya kutolea maji vilizibwa na silikoni siku ileile dirisha lilipofungwa. Maji yalishapita chini ya fremu yakaingia ukutani, na lipu ilikuwa inabonyea ukiigusa kwa kidole.

Tangu hapo nimekuwa nikibadilisha dirisha mojamoja kadiri pesa inavyopatikana. Mpangilio huu ni wa nyumba ya kuishi katika ukanda wa pwani, Mombasa na Tanga hadi Mtwara, pamoja na Unguja na Pemba, kwenye joto, unyevu na chumvi. Kigezo changu cha kwanza ni upepo. Kusi huvuma tangu Aprili hadi Septemba hivi, kaskazi tangu Desemba hadi Machi. Dirisha lisilopokea pepo hizo ni la kuchungulia tu, na utalilipia kwenye umeme wa feni kila mwezi. Kigezo cha pili: likiharibika, fundi wa mtaani ataweza kulitengeneza bila kutafuta kipuri Kariakoo nzima? Bei ya kununulia naiweka ya tatu, kwa makusudi.

1. Mbao ngumu, mbawa mbili za kufungukia nje

Najua aliyezoea kuona mbao kama mambo ya kizamani atashangaa. Lakini litazame dirisha la nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe au Tanga mjini ulielewe linavyofanya kazi. Lina fremu iliyoshikana na ukuta, na mbawa mbili zenye bawaba. Kwenye kila ubawa kuna vibao vyembamba vilivyopangwa mshazari, kimoja juu ya kingine. Ukilifungua, karibu nafasi yote inapitisha hewa. Ukilifunga, jua na macho ya wapita njia hubaki nje, upepo unaendelea kuingia, na mvua ya kawaida huteremka kwenye ule mshazari ikadondokea nje. Sijaona dirisha la kioo linalofanya yote hayo kwa pamoja. Ukitaka kioo pia, weka mbawa za kioo upande wa ndani, zifunguke kwa ndani.

Kilichonishawishi zaidi ni dirisha la uani kwa bibi yangu, Tanga. Ni la mvule. Ukiinama ulitazame karibu, chini ya ubawa wa kushoto utaona mstari wa mshazari: hapo ubao uliooza ulikatwa, kipande kipya kikaungwa kwa gundi na vigingi viwili vya mbao. Rangi ya kipande hicho imepishana kidogo na ya ubao wa zamani. Fremu ni ileile, bawaba zilezile. Mbao hutengenezwa kipande kwa kipande, wakati madirisha mengi ya kisasa hung'olewa mazima.

Mbao ipi? Mninga naipa kura yangu ya kwanza, maana ikishakauka haipindi wala haivimbi sana msimu wa mvua. Mkongo ni mgumu na hudumu, ila unamtaka fundi mwenye zana kali. Mvule unahimili mchwa vizuri. Wakati mwingine una jiwe ndani, chembe za chokaa zinazomaliza meno ya msumeno, kwa hiyo usigombane na fundi akiongeza kidogo hela ya kuranda. Msaji kutoka mashamba ya Longuza, Mtibwa au Kilombero ni mzuri pia, lakini mti uliovunwa ukiwa mchanga huwa na sehemu kubwa ya mbao nyeupe ya nje, na hiyo mchwa hawaiogopi. Kanuni hii ishike kwa mbao zote: kataa ile sehemu nyeupe ya pembeni, hata ikiwa imepakwa vanishi ikang'aa. Paini ya Sao Hill iache kwenye kenchi na dari.

Nunua mbao mapema kuliko unavyozihitaji. Zipange kivulini, weka vijiti kati ya ubao na ubao hewa ipite, ziache zikauke. Dirisha lililotengenezwa kwa mbao mbichi litafunga vizuri siku ya kukabidhiwa, kisha baada ya miezi michache unaona mwanga wa mtaani katikati ya mbawa.

Matunzo ndiyo yanayowatisha watu, na ni mambo machache. Kabla fremu haijafungwa, ipake rangi pande zote nne, hasa upande utakaogusana na ukuta. Zipake vizuri ncha za mbao na ukingo wa chini wa ubawa, kwa sababu mbao hunywa maji kupitia ncha kuliko kupitia ubavu. Kila mwaka wakati wa kipupwe, mbao zikiwa kavu na vuli bado haijaanza, pita na bisibisi ukichoma taratibu viungo vya chini. Ikizama kirahisi, kuoza kumeanza, na kipande kidogo kitatosha kuziba. Rangi ikianza kufifia, piga msasa na rudia mikono miwili ya rangi ya mafuta. Usingoje ianze kubanduka. Bawaba zidondoshee mafuta ya cherehani. Na kama paa lako halina ukingo wa kutosha wa kulikinga dirisha na mvua, mbao isiwe chaguo lako la kwanza upande unaopigwa na kusi.

2. Aluminiamu ya bawaba

Hili ndilo ningemshauri mtu asiye na muda wa msasa na rangi. Linafunguka karibu lote kama la mbao, na raba zake hubana vizuri kuliko za kuslaidi, kwa hiyo linafaa pia chumba chenye kiyoyozi. Sisitiza mambo mawili kwenye makubaliano: rangi iwe ile ya unga iliyochomwa kiwandani, na skrubu na bawaba ziwe za chuma kisichoshika kutu. Skrubu ya chuma cha kawaida ikigusana na aluminiamu kwenye hewa ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe ukizunguka kichwa cha skrubu. Kila baada ya wiki chache lioshe kwa maji baridi na sabuni laini. Usilisugue kwa stili waya.

3. Luva za vioo

Vile vioo vyembamba vinavyolala na kusimama kwa mkono mmoja. Kwa jiko, choo na korido, hakuna dirisha la bei nafuu linalopitisha hewa kama hili, na kioo kimoja kikivunjika unanunua kimoja. Chumbani silipendi: mvua yenye upepo hupenya, vumbi nalo hupita hata ukilifunga, na mwizi anaweza kuvichomoa vioo kimojakimoja kutoka nje bila kelele.

4. Aluminiamu ya kuslaidi

Ni safi kwa macho na halichukui nafasi likifunguliwa, ndiyo maana limeenea kila mtaa. Ila piga hesabu. Dirisha la mita moja na nusu kwa mita moja na robo lina karibu mita za mraba 1.9, na wewe unapata upepo wa nusu yake tu, kwa sababu kioo kimoja lazima kijifiche nyuma ya kingine. Kwa nyumba ya Dar mwezi wa pili, hiyo ni hasara ya kila usiku. Kama umeshaliweka, zibua vitundu vya reli ya chini kabla ya masika kwa waya mwembamba, toa mchanga kwa brashi ya meno, na badilisha rola mapema likianza kuwa zito.

5. Chuma

Dodoma au Tabora, ambako hewa ni kavu, ningelipandisha hadi nafasi ya pili bila wasiwasi. Karibu na bahari, kutu huanza kwenye viungo vilivyochomelewa, inavimba, inasukuma puti, kioo kinapasuka.

Ya plastiki ngumu hayaoti kutu wala hayaliwi na mchwa, lakini mafundi wake na vipuri vyake bado ni vya kutafuta, kwa hiyo sijayapa nafasi.

Kabla ya kulipa chochote

Panga kwanza wavu na grili, maana hapo ndipo wengi huharibu dirisha zuri. Mpangilio unaokaa vizuri na mbawa za kufungukia nje ni huu: mbawa nje, grili katikati, wavu ndani kwenye fremu yake ndogo yenye bawaba, ili uufungue na kupitisha mkono kufikia komeo. Wavu uliogongomelewa moja kwa moja hutobolewa tundu la mkono ndani ya wiki, na mbu wanalijua tundu hilo kabla yako. Na tafadhali, angalau grili moja ya kila chumba cha kulala ifunguke kwa ndani, ufunguo utundikwe pale ambapo hata mtoto anajua. Moto ukizuka mlangoni, dirisha ndiyo njia pekee iliyobaki.

Vipimo vichukuliwe lipu ikishakamilika. Pima upana mara tatu, juu, katikati na chini, na urefu vivyo hivyo, kisha tumia kipimo kidogo kuliko vyote. Pima pia kona hadi kona, mishazari yote miwili; vipimo hivyo vikipishana sana, shimo limekaa upande na lirekebishwe kwanza. Andikeni unene wa kioo: milimita 5 kwa dirisha la kawaida, 6 kwa kubwa.

Bakiza sehemu ya malipo hadi siku ya kukabidhiwa. Siku hiyo mwombe fundi amwagie dirisha maji kwa mpira kutoka nje, kuanzia chini kupanda juu, kwa dakika kumi hivi. Wewe ingia ndani na tochi, ukae kwenye kona ya chini ya fremu, upapase lipu kwa kiganja.