Shadow of Night: 1590 tele, mahaba kiduchu

Anayetaka kuinunua riwaya hii ajue kwanza kwamba ni ya pili katika mfululizo wa Deborah Harkness ulioanza kama riwaya tatu, na haimkumbushi msomaji lolote la ile ya kwanza. A Discovery of Witches (2011) inakatika pale Diana Bishop, mchawi na mwanahistoria, anapoinua mguu kuiacha Marekani ya 2009 akiwa ameshikana mkono na Matthew, mnyonya damu wa miaka 1,500. Hii ya 2012 inafunguka wakiwa wameshatua Woodstock, Uingereza, mwaka 1590. Usiyeijua Ashmole 782, muswada wa kale wenye uchawi, utaachwa njiani mapema. (Na usimtarajie mumiani wa hadithi za pwani. Huyu ana majumba, farasi na divai za bei mbaya.)

Sababu za safari ni mbili, na zimetajwa waziwazi: kumtafutia Diana mwalimu, maana uchawi wake humponyoka, na kuupata ule muswada wa Ashmole 782 kabla kurasa zake hazijang'olewa. Ukiandika sababu hizo kwenye karatasi na kuzifuatilia sura hadi sura, utaona tatizo lilipo. Mwalimu wa kweli, Goody Alsop, anaingia sehemu ya tatu kati ya sita, tukiwa London. Kabla yake kuna mjane wa kijijini aliyejaribu kumpima Diana yakaharibika, kisha safari ndefu ya Ufaransa kwa baba yake Matthew. Muswada nao unangojea Prague, kwa Mfalme Rudolf II, na tukifika huko mfalme anashughulika zaidi na kumtongoza Diana.

Kurasa zinakaribia 600. Zimejazwa nini? Watu maarufu. Walter Raleigh, Christopher Marlowe, George Chapman na Thomas Harriot wote ni marafiki wa Matthew, na wanaingia karibu kwa pamoja. Halafu anakuja Mary Sidney na vyombo vyake vya alkemia (ile elimu ya kale ya kugeuza metali kuwa dhahabu), msomi John Dee na maktaba yake ya Mortlake, mwanaalkemia Edward Kelley, Malkia Elizabeth mwenyewe, na mwishoni hata Shakespeare anapitishwa. Harkness ni mwanahistoria wa sayansi ya zama hizo hasa, na alishaandika kitabu cha kitaaluma kuhusu Dee, kwa hiyo makosa ya kihistoria usiyatafute hapa. Kosa ni la upishi: viungo vyote vya kabati vimemwagwa kwenye sufuria moja. Diana anajifunza kuvaa, kutamka na kushika kalamu ya unyoya, na kila somo linachukua nafasi ya tukio. Aliyeumia zaidi ni Marlowe. Mtunzi wa tamthilia aliyetikisa London amefanywa mtu wa kununa na kuona wivu kwa sababu Matthew hampendi, basi.

Pale mwandishi anapoacha kuonyesha hazina yake, kitabu kinapumua. Mafunzo ya Goody Alsop ni mfano mzuri. Diana anagundua kwamba yeye ni mfumaji, yaani mchawi asiyeweza kukariri maneno ya wengine, lazima asuke yake. Anapewa nyuzi za rangi mbalimbali na kufundishwa mafundo, kila fundo na mzunguko wake na maneno yake. Hapo uchawi una kanuni, una mkono unaokosea na kurudia. Sura za Philippe, baba mkwe anayewasoma wageni wake haraka kuliko wanavyodhani, nazo ni nzuri. Na Diana anapokutana London na baba yake mzazi, naye akiwa msafiri wa wakati aliyetokea zama nyingine, zile kurasa chache zina uchungu kuliko vitanda vyote vya kitabu hiki.

Tukija kwenye mahaba, hapo ndipo waliokinunua kwa ajili hiyo watakapolalamika. Matthew anaficha jambo, Diana analigundua, wanagombana, Matthew anaeleza kwamba alikuwa anamlinda, wanapatana kitandani. Mzunguko huo unarudi mara nyingi mno. Diana ni msomi wa chuo kikuu, lakini anaridhika na maelezo ambayo asingeyakubali kwenye tanbihi ya mwanafunzi wake.

Kanuni za safari nazo zimeanza vizuri zikaachwa. Kwenda kulihitaji vitu vitatu vya zama zile, mojawapo kete ya sataranji ya fedha. Matthew wa sasa akifika, Matthew wa 1590 anatoweka mpaka mwenzake aondoke. Je, akirudi anawakuta marafiki wakimzungumzia mke asiyemjua? Swali ni tamu, jibu ni la kupita tu. Hata Gallowglass, mpwa wake mnyonya damu aliyeibeba siri ya safari hiyo kwa zaidi ya miaka 400, anapewa makombo.

Sura za wakati wa sasa ndizo zilizoonewa kabisa. Ni fupi, zimebanwa kati ya sehemu na sehemu, ingawa wazo lake ni zuri: alama walizoacha wawili hao zinaanza kuibuka leo, kama picha zao ndogo zilizochorwa na Nicholas Hilliard, mchoraji wa zama zile, zinazofika kwenye nyumba ya mnada. Ungetarajia hofu ipande kila alama inapoibuka. Haipandi, maana tunarudishwa Blackfriars, mtaa wao wa London ya kale, kabla hatujakaa. Msimu wa pili wa tamthilia ya televisheni (2021, vipindi 10) uliliona pengo hilo ukawapa wa leo nafasi kubwa zaidi, na hadithi ikatulia.

Anayependa London ya Elizabeth kuliko anavyopenda hadithi atafaidi. Aliyemaliza cha kwanza na anataka kufika cha tatu, The Book of Life (2014), hana ujanja, hawezi kukiruka. Ila asome Woodstock kwa haraka, apunguze mwendo Ufaransa na kwa Goody Alsop. Nyuma ya kitabu kuna orodha ya wahusika, ambapo waliowahi kuishi kweli wamewekewa kinyota. Weka alama hapo tangu siku ya kwanza.