Miezi saba nikimtafuta Pikachu wa kofia ya kijivu asiye na doa

Kadi hii nimeinunua mara tatu. Ni kadi ileile ya mchezo wa Pokémon, yenye kale kanyama ka katuni kaitwako Pikachu kakiwa kamevaa kofia ya kijivu, namba 085 kwenye kadi za promosheni, yaani zinazotolewa kama zawadi, za toleo la Scarlet & Violet. Ya kwanza ilifika na kona iliyolika, ya pili ilifika na kona iliyobonyea, na ya tatu ndiyo iliyonipa usingizi. Naandika kwa ajili ya mtu anayetaka kulipa pesa nzuri kwa sababu tu chini ya picha pameandikwa "mpya kabisa". Mimi nililipa kwa sababu hiyo hiyo.

Naishi Rotterdam, Uholanzi, na binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minane. Septemba 28, 2023, Jumba la Makumbusho la mchoraji Van Gogh kule Amsterdam, likiwa linatimiza miaka 50, lilifungua maonyesho ya pamoja na Pokémon. Mtoto alikuwa anapewa karatasi ya maswali, anazunguka kwenye picha akitafuta majibu, na akimaliza anakabidhiwa kadi. Mchoro wa kadi ni wa Naoyo Kimura, na umefuata picha ambayo Van Gogh alijichora mwenyewe mwaka 1887 akiwa Paris. Ni kazi nzuri sana. Ile mistari mifupi mifupi ya rangi inayozunguka uso wa Van Gogh, Kimura ameizungusha kwenye uso wa Pikachu, na kanyama kenyewe kamekaa kwa utulivu kabisa.

Walanguzi nao hawakulala. Siku ya kwanza tu watu wazima walijazana kwenye duka la makumbusho wakikumba kila kilichokuwa na nembo ya Pokémon, na video zake zikasambaa dunia nzima. Oktoba makumbusho yakatangaza kwamba hayatatoa tena kadi ile, kwa usalama wa wageni na wafanyakazi. Sisi tulikwenda Desemba. Tulifurahia picha, lakini tukiwa tunatoka binti yangu akaniuliza, "Baba, kwa hiyo ile kadi ndiyo basi?" Nikamwambia nitaitafuta. Ahadi ni deni, na deni hili nililianza kulilipa Januari.

Kuipata kadi yenyewe si tabu, zipo nyingi mtandaoni. Tabu ni kuipata ikiwa safi, na hili linazihusu karibu kadi zote za promosheni. Kadi inayotoka kwenye pakiti ya dukani mara nyingi hufunguliwa na mtu aliyekaa mezani, mikono mikavu, mfuko wa plastiki uko tayari. Ya promosheni inatoka mkononi mwa mtu mwenye haraka inaingia mkononi mwa mtoto. Novemba 1999, filamu ya kwanza ya Pokémon ilipoanza kuonyeshwa Marekani, watazamaji walipewa kadi ya Electabuzz, Pikachu, Mewtwo au Dragonite. Mtoto aliyeshika bisi kwa mkono mmoja na soda kwa mkono mwingine angeiweka wapi kadi, kama si kwenye mfuko wa suruali? Mwaka 2021 McDonald's walizitia kwenye Happy Meal, mlo wao wa watoto, zikasafiri ndani ya boksi moja na chipsi za moto. Agosti 2025, kwenye McDonald's za Japani, watu walinunua vyakula hivyo vya watoto kwa wingi, wakachukua kadi, wakaacha chakula kikiharibika, mpaka kampuni ikaomba radhi. Hilo la chakula liliniuma kuliko yote.

Mlanguzi naye, ambaye thamani anaijua, haishiki vizuri kuliko mtoto. Anazibeba kwa mafungu, anazifunga mpira wa kufungia noti, anazitupia kwenye begi. Ukitazama kadi za namna hiyo utaona alama ya mpira katikati ya ukingo mrefu, kakovu kadogo pande zote mbili.

Kadi ya kwanza niliinunua kwenye soko la mtandaoni linalokutanisha wauzaji wa Ulaya nzima. Yuro 115, daraja la "karibu mpya", picha moja tu, ya mbele. Ilifika kwenye bahasha ya kawaida, ndani ya mfuko laini, bila hata kipande cha kadibodi. Mbele ilikuwa safi. Nikaigeuza. Mgongo wa kadi za Pokémon ni wa buluu, na buluu haina siri: ukingo ukikwaruzika kidogo tu, karatasi nyeupe ya ndani inachungulia. Kona ya chini kushoto ilikuwa nyeupe ukubwa wa punje ya mchele, na juu kulikuwa na vidoa vitatu. Nilimwandikia muuzaji kwa upole nikamtumia picha. Akanijibu kwamba kwake yeye hiyo bado ni "karibu mpya". Tulivutana siku sita, mwisho akanirudishia yuro 40 na kadi nikabaki nayo. Wala sidhani kwamba alikuwa mwongo. Kila muuzaji ana macho yake, na ngazi za soko zinaacha nafasi kubwa ya kubishana.

Ya pili nikajiona nimeerevuka: nilitafuta iliyokuwa bado kwenye karatasi yake ya plastiki, haijafunguliwa. Yuro 130, mtu binafsi. Niliamini kwamba kitu ambacho hakijaguswa hakiwezi kuharibika. Nimejifunza kinyume chake. Plastiki ile ni nyembamba na kadi ina nafasi ya kucheza humo ndani. Ikianguka wima, kona inapiga chini kama vile haijafunikwa na kitu. Niliiwasha tochi ya simu kwa pembeni bila kuifungua, nikaona kona ya juu kulia imebonyea. Muuzaji alishikilia kwamba iliyofungwa ni iliyofungwa. Niliiuza tena kwa bei ya chini kidogo, nikionyesha kona hiyo kwenye picha ya kwanza kabisa, na aliyeinunua alinishukuru kwa hilo.

Baada ya hapo nikaacha kununua kwa macho ya watu wengine. Julai nilikwenda kwenye maonyesho ya kadi Utrecht, nikiwa na lenzi ya kukuza mara kumi na tochi ndogo. Mama mmoja mwenye meza ya pembeni alikuwa nazo nne, kila moja kwenye mfuko laini na juu yake ganda gumu la plastiki. Nilipomwomba nizitazame alinisogezea kitambaa laini cha kuziwekea na akawasha taa yake mwenyewe. Nilijua nimefika. Ya kwanza ilikuwa na mstari wa kiwandani unaopita juu ya kofia. Ya pili mchoro ulikuwa umesogea upande mmoja. Hapo watu wengi hawaangalii: kadi inaweza isiwe imeguswa na mtu yeyote na bado ikawa na kasoro, kwa sababu mashine ya kukata ilikata vibaya. Kampuni ya PSA, kwa mfano, inayopima ubora wa kadi na kuipa alama hadi 10, ili itoe 10 inataka upana wa pembezoni za mbele usipishane zaidi ya takriban 55 kwa 45, na za nyuma 75 kwa 25. Ya tatu ilikuwa safi pande zote. Nikaitazama kwa dakika kumi, mama wa watu akanisubiri bila kununa. Yuro 180, nikalipa taslimu.

Niliipeleka kupimwa daraja, ikarudi na 9. Kwa vipimo vya kawaida hiyo ni mpya kabisa yenye kasoro moja ndogo, na hata leo, na lenzi yangu yote, kasoro hiyo sijaiona. Nimeridhika. Anayetafuta 10 ajue anatafuta kitu kingine kabisa. Pikachu Illustrator, kadi ya zawadi za mashindano ya uchoraji Japani miaka ya 1997 na 1998, iliyokuwa na 10 ya PSA ni moja peke yake wakati iliponunuliwa kwa dola 5,275,000.

Kuhusu huduma zenyewe: soko la mtandaoni naona linastahili nyota tatu kati ya tano. Bei ziko wazi na pesa zinalindwa hadi upokee mzigo, lakini kwa kadi za promosheni picha moja ya mbele haitoshi, na wao hawamlazimishi muuzaji kuweka ya nyuma. Ukinunua huko, omba picha ya mgongo, za kona nne kwa karibu, na moja iliyopigwa taa ikiwa pembeni. Anayekataa, muache. Uliza pia atafungashaje. Ganda gumu lililobanwa katikati ya kadibodi mbili linaongeza pesa kidogo ya posta, na kwangu mimi hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya mtu anayejali. Yule mama wa Utrecht nampa tano, na ningempa sita.

Jambo moja kwa walio pwani. Nilimtumia mpwa wangu Tanga kadi chache za kung'aa, na ndani ya mwezi zilikuwa zimejikunja kama magome ya mdalasini. Karatasi ya ndani inanyonya unyevu wa hewa, tabaka la kung'aa halinyonyi, basi kadi inavutwa upande mmoja. Sasa anazihifadhi kwenye boksi lenye mfuniko unaobana pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na zilizojikunja zimeanza kunyooka.

Binti yangu nilimpa achague. Akaichukua ile ya kwanza, yenye kona nyeupe, kwa sababu anaweza kuitoa na kuishika. Iko ukurasa wa mbele wa albamu yake. Ile yenye 9 iko kabatini kwangu.

Sasa namtafuta Mew wa kale, kadi ya filamu ya pili ya Pokémon, ile iliyotoka kwanza Japani mwaka 1999 ikiwa imeandikwa kimakosa "Nintedo" badala ya "Nintendo". Inang'aa mbele na nyuma, kwa hiyo kila mkwaruzo unaonekana mara mbili. Kama unayo na unaiuza, tafadhali anza na picha ya mgongo.