CP ya Pokémon GO: uzoefu wangu na namba inayopendelea washambuliaji

Nacheza Pokémon GO, mchezo wa simu wa kukamata na kupiganisha viumbe waitwao Pokémon, kwa ajili ya ligi za wachezaji kwa wachezaji, kwa hiyo CP (Combat Power, namba ya nguvu ya kila Pokémon) naitazama kila siku. Hesabu yake haina siri, ila ina upendeleo.

Kila aina ya Pokémon ina namba tatu za msingi: mashambulizi, ulinzi na uhai. Kila moja huongezewa IV, nyongeza ya bahati kati ya 0 na 15. Mashambulizi huchukuliwa yalivyo. Ulinzi na uhai huingia kwa vipeuo vyao vya pili tu. Zidisha vyote vitatu, zidisha tena kwa kipeo cha pili cha kizidishi cha leveli (kiwango cha Pokémon huyo), gawanya kwa 10, tupa desimali. Kizidishi ni 0.5974 leveli ya 20, 0.7903 ya 40 na 0.8403 ya 50.

Mewtwo ana 300, 182 na 214. Akitoka kwenye reidi (pambano la wachezaji dhidi ya Pokémon mkubwa ambaye baadaye hukamatwa) yuko leveli ya 20, na IV zikiwa 15 zote unapata 315 × 14.036 × 15.133 × 0.3569 ÷ 10, yaani 2387. Hali ya hewa ikimpa nguvu, hutoka leveli ya 25 akiwa na 2984. Namba hizo mbili zikariri: ukimwona nazo, ujue IV zake ni 15 zote.

Kero yangu: leveli yenyewe haionyeshwi. Itafute kwenye gharama ya kuongeza nguvu. Stardust (vumbi la kulipia nyongeza hiyo) 2500 ni leveli 19 hadi 20.5, na 3000 ni 21 hadi 22.5. Kwa makundi maalumu ya Pokémon, yaani wa kivuli (Shadow), waliotakaswa (Purified) na wa bahati (Lucky), gharama ni tofauti, usichanganye.

Upendeleo unauma zaidi kwenye Great League, ligi yenye kikomo cha CP 1500, kwa sababu mashambulizi hupandisha CP haraka na kukufikisha kikomoni mapema. Chukua Azumarill: 112, 152, 225. Mwenye 15/15/15 hugota leveli ya 36 akiwa na CP 1497 na HP (uhai halisi) 184. Mwenye 0/15/15 hufika 45.5, CP 1499, HP 196, na ulinzi wake halisi ni 136 dhidi ya 128. Anapoteza mashambulizi kidogo, 91 badala ya 97, lakini anakaa uwanjani muda mrefu zaidi. Ndiyo maana kumtupa mwenye nyota chache (alama ya jumla ya IV zake) kabla ya kusoma mistari ya tathmini inayoonyesha kila IV ni hasara. Ubaya ni kwamba kuvuka 40 kunadai Candy XL (peremende maalumu za kuongeza nguvu), na hizo hazipatikani kirahisi.

Tena CP haijui mapigo. Slaking hufika 5010 kwenye leveli ya 50, namba ya kutisha, lakini pigo lake la haraka ni Yawn, ambalo nguvu yake ya kuumiza ni 0. Wa kivuli nao hupiga zaidi kwa asilimia 20 na huumia kirahisi zaidi, na CP yao haibadiliki hata kidogo.

Kwa reidi, panga timu kwanza kwa mapigo na aina ya asili (moto, maji na kadhalika). CP itumie kuamua nani aongezwe nguvu kati ya Pokémon wawili wenye jina moja.