Santuri ya Big Pink: nimeinunua kwa ajili ya "The Weight" tu

Haya jamani, karibuni tena. Hii mnayoiona mkononi mwangu ni Music from Big Pink ya kundi la The Band, toleo la 2018 la kuadhimisha miaka 50. Santuri mbili, mizunguko 45 kwa dakika, nyimbo 11 zilezile. Jalada ni lilelile alilolichora mwanamuziki Bob Dylan, hadi tembo wake yumo. Sitapitia nyimbo zote, msinisubiri. Nitaipima kwa wimbo mmoja, "The Weight".

Kwa ambao hamuwajui: walikuwa watano, Wakanada wanne na Mmarekani mmoja, Levon Helm wa Arkansas, mpiga dramu. Walishazunguka na Dylan jukwaani, kisha baadhi yao wakahamia kwenye nyumba ya rangi ya waridi karibu na Woodstock, New York. Ndiyo hiyo Big Pink. Mwaka 1968 wenzao wengi wa roki walikuwa wanashindana kwa kelele na upigaji mrefu wa magitaa. Hawa wakarudi nyuma kwenye kantri, bluzi na nyimbo za kanisani.

Robbie Robertson, mpiga gitaa wao, ambaye ndiye aliyeandikwa kuwa mtunzi, amesimulia kwamba alichungulia ndani ya tundu la gitaa lake la Martin akaona limeandikwa Nazareth, Pennsylvania, mji linakotengenezwa. Basi akamshusha hapo msafiri wa wimbo wake. Kwa hiyo Nazareti ya wimbo huu, kabla hujafikiria Biblia, ni anuani ya kiwanda cha magitaa! Msafiri kachoka, anatafuta pa kulala, ananyimwa, na kila anayekutana naye anamwongezea shida. Robertson alisema wazo hilo lilitokana na filamu za Luis Buñuel, za watu wanaojitahidi kutenda wema na mambo yakawaharibikia.

Sasa tuje kwenye sauti, na hapa wanakwaya mtanielewa haraka kuliko wapiga gitaa. Andika do-re-mi zako. Ubeti unaanza na kodi (yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya do, unakwenda kodi ya mi, halafu fa, halafu unarudi do. Kutoka do kwenda mi, ukiangalia vizuri, noti mbili zinabaki palepale. Ni do peke yake inayoteleza nusu hatua ikawa ti. Uso wa wimbo unaingia kivuli kidogo, hata kabla hujaelewa maneno. Kisha fa kurudi do. Imba "A-mi-na" ya mwisho wa tenzi za rohoni uone. Ni ileile. Kila mstari unaomba Amina, na jamaa bado hajapata kitanda.

Kiitikio ndicho kilichonifanya nitoe hela. Levon anatangulia, Rick Danko, mpiga besi, anaingia, na Richard Manuel yuko huko juu kwa sauti nyembamba. Wanapofika kwenye lile neno moja dogo, "and", hawaliimbi pamoja: mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine, sauti inapandiana juu ya kodi ya fa kama watu wanaotwishana gunia. Halafu besi inashuka ngazi, do, ti, la, so, fa, na tunarudi kwenye ubeti. Niliwahi kuwafundisha kipande hicho waimbaji wa sauti ya tena wa kwaya yetu. Wiki tatu, kila mara wanaingia kwa pamoja kama askari. Ukishafundishwa maisha yako yote kulingana na mwenzako, kuachana naye kwa makusudi ni kazi.

Mavis Staples na familia yake, watu wa injili hasa, waliuimba na The Band kwenye filamu ya The Last Waltz ya 1978. Sikilizeni mkimaliza hapa.

Turudi kwenye bidhaa. Bob Clearmountain ndiye aliyechanganya upya sauti za toleo hili. Besi ya Danko imekuwa nene na inafuatika noti kwa noti. Ile ngazi ya kushuka unaisikia tumboni. Piano ya Garth Hudson imesafishika. Lakini waimbaji, kwa sikio langu, wamesogezwa mbele mno. Kwenye santuri ya zamani, ile aliyoitayarisha John Simon, sauti zao zimebanana na dramu chumba kimoja, na Manuel unamsikia kama mtu aliyesimama mlangoni. Hapa kaletwa mezani. Ni safi, sawa, ila mimi nilimpenda kule mlangoni.

Na kwa kuwa zimekuwa santuri mbili, unainuka kugeuza kila baada ya nyimbo chache. Mwenye mgongo mbovu ajue.

Ushauri: mpiga besi, nunua. Mwenye nakala ya zamani isiyokwaruza, kaa nayo. Asiye na yoyote aanze na ile ya zamani. Mimi hii siirudishi, ila "The Weight" yenyewe nitaendelea kuisikiliza kwenye ile yenye mikwaruzo.