Cornwall na Wales: udugu wa utamaduni au wa biashara?

Wanaotamani kuona Cornwall, rasi ya kusini-magharibi mwa England, na Wales, nchi jirani ng'ambo ya mlango wa bahari, zikishikana hurudia mjadala uleule: tuanzie wapi, kwenye utamaduni au kwenye biashara?

Kwa gharama, utamaduni unashinda waziwazi. Gorsedh Kernow, baraza la watetezi wa lugha na ushairi wa Cornwall, lilizinduliwa mwaka 1928 kwenye mawe ya kale ya Boscawen-Ûn, na aliyeongoza sherehe alitoka baraza mama la Wales. Mpaka leo mabaraza hayo hutumiana wajumbe. Biashara inadai mtaji, tena kutoka Cardiff, mji mkuu wa Wales, hadi Penzance, mji wa Cornwall, kwa nchi kavu huna budi kuzunguka upande wa Bristol, England.

Hata hivyo, ni biashara iliyowahi kuwafunga kwa nguvu zaidi. Katika karne ya 18 na ya 19, meli zilipeleka mawe yenye shaba kutoka Cornwall hadi Swansea, bandari ya Wales, yakayeyushwe, zikarudi na makaa ya kuendeshea mashine za kuvuta maji migodini. Kila upande ulimhitaji mwenzake. Machimbo ya shaba yalipoporomoka, kamba ikalegea; utamaduni haukatiki hivyo.

Utunzaji? Lugha hutaka walimu kila mwaka, na hapo Wales, yenye bunge lake tangu 1999, ina mengi ya kutoa kuliko Cornwall yenye halmashauri tu.

Kama wewe ni mwalimu au mwanakwaya, anza na utamaduni. Kama una karakana bandarini, mitambo ya umeme wa upepo inayopangwa kuelea katika Bahari ya Kiselti, iliyo kati ya Cornwall, Wales na Ireland, inakuhusu zaidi.