Gari la kukodi Maskati: watu saba, siku tano, Prado moja

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Hiyo nusu ni ya mzee wa ofisini, nitamfikia.

Mama yangu ana miaka 71, na alikuwa hajaonana na mdogo wake tangu 2003. Simu wanapigiana kila Ijumaa, picha wanatumiana, ila uso kwa uso ilikuwa miaka 22. Basi Aprili 2025 nilipompeleka Maskati kwa mamdogo, siku nne za mwanzo hatukutoka mlangoni. Wamekaa sebuleni, chupa ya kahawa katikati, wanafukua habari za watu ambao nusu yao wameshazikwa. Siku ya tano binamu yangu akaniuliza, "Dada, mmekuja Omani au mmekuja kwenye kochi?" Habari ya gari ilianzia hapo.

Binamu ana gari lake, saluni ya watu watano. Sisi tulikuwa saba: mimi na mwanangu wa miaka 11, mama, mamdogo, binamu, wifi yangu, na binti yao wa miaka tisa. Shauri la kwanza lilikuwa tukodi saluni nyingine ndogo tufuatane, na kwa hesabu ya mafuta na kodi tungeokoa kama riali 70. Riali moja ya Omani ni zaidi ya dola mbili na nusu, kwa hiyo 70 si pesa ya kuokota. Lakini Jabal Akhdar ilitukatia shauri. Chini ya mlima, pale Birkat al-Mouz, kuna kizuizi cha polisi, na gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne halipandi. Ukienda na saluni, unaiacha chini na kutafuta wa kukupandisha. Tukasema liwe gari moja kubwa, tubanane.

Kampuni siitaji. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja chenye meza mbili na kalenda, na za namna hiyo Maskati ni nyingi. Binamu aliwaandikia kwa WhatsApp usiku, asubuhi wakajibu: Toyota Prado ya viti saba, riali 36 kwa siku, siku tano riali 180, na riali 150 nyingine zinazuiliwa kwenye kadi mpaka gari lirudi. Wakataka pasipoti, leseni ya kwetu na leseni ya kimataifa. Gari tuliahidiwa saa mbili asubuhi, likaletwa saa tatu na nusu. Sababu hawakusema, na samahani waliitoa baada ya mamdogo kuwauliza kwa Kiarabu maswali ambayo sikuyaelewa, ila sauti niliielewa.

Mkataba una kurasa nne, Kiarabu kulia, Kiingereza kushoto, herufi kama sisimizi. Usomeni. Mimi niliusoma nimesimama juani na yule kijana akitazama saa, na bado nikakosa mambo mawili. Lile nililoliona ni kwamba bima haifiki mchangani: ukiingiza gari kwenye vilima vya mchanga na likaharibika, ni lako. Lile nililoliona nusu ni kilomita. Wanakupa 150 kwa siku, na kila inayozidi ni baisa 80 (baisa 1,000 ni riali moja). Kilomita 150 kwa siku Omani ni kama kupewa kikombe cha maji uogee. Maskati hadi Nizwa peke yake inakula zaidi ya hizo. Tulirudi na kilomita 931 wakati tuliruhusiwa 750, tukalipa riali 14 na baisa 480. Tungeuliza mapema tungeweza kupatana.

Gari lenyewe lilikuwa zima. Matairi mapya, breki imara, haliungurumi ovyo. Nilichukua zamu na binamu, na siku ya kwanza ilikuwa kichekesho, maana kwetu tunaendesha kushoto na usukani uko kulia. Huko kila kitu kimegeuzwa. Kila nilipotaka kukata kona niliwasha waipa badala ya indiketa, na mvua Maskati haionekani. Mwanangu alikuwa nyuma kabisa anahesabu. Alifika 19 kabla hatujatoka mjini.

Jingine ambalo hakuna aliyetuambia: magari ya huko yanapiga king'ora kidogo ndani ukivuka kilomita 120 kwa saa, ambayo ndiyo mwisho kwenye barabara kuu. Tin-tin-tin, bila kuchoka. Mama akauliza gari lina nini. Mamdogo akamjibu, "Linamkanya mwanao." Basi kuanzia hapo kila likilia, wote wawili wanasema kwa pamoja, "Umekanywa!" Kamera za mwendo zimepangwa barabarani kama nguzo za umeme, kwa hiyo kukanywa kwenyewe kuna faida, ukisikia.

Tulianza na Nizwa. Ngome yake ni ya karne ya 17, ya enzi za Imamu Sultan bin Saif, na ule mnara wake wa duara ni mpana kiasi kwamba ukiwa juu unasahau kuwa uko juu ya mnara. Watoto walipanda mara mbili. Mama alipanda nusu, akaketi kwenye ngazi, mdogo wake akaketi naye, na hapo ndipo nilipoanza kuona ramani halisi ya safari yetu: popote tukifika, hawa wawili watatafuta pa kuketi.

Sasa Jabal Akhdar. Pale kizuizini askari aliangalia leseni na mulkiya, yaani kadi ya gari, akachungulia ndani, akaona vikongwe wawili na vikapu, akacheka, akatupungia mkono. Barabara ni ya lami, pana, lakini imesimama kama ngazi. Prado ilipanda na watu saba bila kulalamika. Kushuka ndiko kwenye kazi. Unaweka gia ndogo, unaiacha injini ishike, mguu unaugusa breki kidogo kidogo, na pembeni kuna njia za dharura za kupandia magari yaliyokatika breki. Ukiziona unakumbuka kuomba dua. Hapa gari lilistahili kila baisa.

Juu, uwanda wa Saiq uko karibu mita 2,000, na sisi tuliotoka kwenye joto la Maskati tulijikuta tunagombania sweta mbili. Tulifika msimu wa mawaridi. Vijiji vya Al Aqr na Al Ayn vimening'inia ukingoni mwa korongo, na vishamba vyake vinashuka kwa matuta, vyote vinanyweshwa na falaji, ile mifereji ya maji ya kale. Watu wanachuma waridi alfajiri, wanazichemsha kwenye vyungu vya shaba juu ya moto, mvuke unakusanywa, unakuwa marashi. Mamdogo alinunua chupa tatu. Moja ilimwagika ndani ya gari tukiwa tunashuka kona, na hiyo ndiyo sababu kampuni haikututoza pesa ya kusafisha: gari lilirudi linanukia kuliko lilivyotoka.

Kasoro kubwa ya Prado ni mstari wa nyuma. Viti viwili vile ni vya watoto, na hata watoto wawe wapole. Miguu haina pa kwenda. Upepo wa kiyoyozi ukifika huko umeshachoka, mwanangu akawa anajipepea na mkataba, na hapo ndipo karatasi ile ilipofaa. Kibaya zaidi, viti hivyo vikisimamishwa, nafasi ya mizigo inabaki ya mabegi matatu madogo. Sisi tulikuwa na saba, jokofu la mkononi, na kapu la mamdogo ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuliuliza. Mengine tuliyakanyaga njia nzima. Watu saba wenye mizigo ya watu saba wachukue gari kubwa zaidi au waache nguo nyumbani.

Kutoka Nizwa tulikwenda Bidiyah kulala jangwani. Kwa sababu ya ule mkataba, Prado tuliiacha mjini, na watu wa kambi wakaja kutuchukua na gari lao. Fanyeni hivyo hivyo. Dereva wao alikuwa na miaka labda 20, alipanda vilima vya mchanga kama mtoto anayeteleza kwenye ukuta wa msikiti, na mama alisoma sura zote anazozijua.

Halafu Sur, na hapa sitafanya haraka. Mji huu uliishi kwa kuunda vyombo na kuvuka bahari, na moja ya safari zake kubwa ilikuwa kwenda pwani yetu ya Afrika Mashariki na upepo wa kaskazi. Kuna jahazi moja kubwa limewekwa kwenye maonyesho, Fatah al-Khair, lililoundwa hapo Sur mwaka 1951, likazunguka dunia yake, likaja kupatikana Yemen, watu wa Sur wakalirudisha nyumbani. Binamu alisimamisha gari mbele yake ili tushuke kupiga picha. Hawakushuka. Walikaa ndani, viti vya katikati, vioo wazi, mama akaanza kusema jinsi walivyokuwa wakikimbilia ufukweni majahazi yakifika, na baba yao alivyokuwa akinunua tende kwa kapu. Mamdogo akasema si tende, ni papa mkavu. Wakabishana. Sisi wengine tukarudi ndani mmoja mmoja kusikiliza, injini inaunguruma, kiyoyozi kinakula mafuta, dakika 40. Picha ya jahazi hatuna hata moja. Lita ya petroli ya M95 ilikuwa baisa 239, kwa hiyo mazungumzo yale yalitugharimu chini ya riali moja, na kama tungekwenda na magari mawili, nusu yetu tusingeyasikia.

Usiku tulikwenda Ras al Jinz kuona kasa. Unatembea gizani nyuma ya mwongozaji, taa hairuhusiwi, simu hairuhusiwi, maana mwanga unawavuruga. Aprili si msimu wao mkubwa, ila wanataga mwaka mzima, na tulimwona mmoja, mkubwa kama meza, anafukia mayai yake kwa mapezi ya nyuma, pole pole, kama mtu anayetandika kitanda. Watoto hawakusema neno mpaka tukafika garini. Hiyo peke yake ni muujiza.

Tulirudi Maskati kwa barabara ya pwani. Wadi Shab tulivuka kwa boti na watoto tukaenda kuogelea, wakubwa wakabaki kivulini. Shimo la Bimmah, dakika 20, ngazi nyingi, maji ya kijani, basi.

Sasa mabaya yaliyobaki. Siku kumi baada ya kurudisha gari, binamu alipata ujumbe: faini ya mwendo kasi, riali 10, zamu yangu, barabara ya Sur. Sikatai, nilikanywa. Lakini juu yake kampuni iliongeza riali 5 "za shughuli", na hilo ndilo jambo la pili nililolikosa kwenye ukurasa wa tatu. Zile 150 za kadi zilichukua wiki tatu kuachiwa. Mgeni mwenye kadi yenye kikomo kidogo atabanwa vibaya, kwa hiyo wekeni akiba pembeni.

Na yule mzee. Siku ya kurudisha gari tulifika ofisini saa kumi jioni. Akatoka mzee wa kanzu na kofia, tukadhani ni mkaguzi, akaanza kuzunguka gari na karatasi yake. Mama akamwambia mdogo wake kwa Kiswahili, taratibu, "Huyu naye anatafuta mkwaruzo kwa tochi." Mzee, bila kuinua kichwa, akajibu kwa Kiswahili safi cha visiwani, "Tochi sina, mama, natumia macho niliyopewa." Tulipatwa na aibu, tukacheka, akacheka. Kumbe amezaliwa huko kwetu, akaja Omani kijana katika miaka ya sitini. Watu kama yeye Maskati wako wengi, lakini hatukutegemea kumkuta ameshika karatasi ya mikwaruzo.

Aliuona mmoja, mlango wa nyuma kulia, mdogo. Akauandika? Hakuuandika. Alisema ulikuwapo tangu Februari, akamfokea kijana wake kwa kutouweka kwenye karatasi ya mwanzo. Kilomita zilizozidi alizihesabu zote, hakusamehe hata moja, na risiti akatoa.

Binamu alikuwa tayari ameshateremsha mabegi na teksi imefika. Mama na mamdogo bado wako viti vya katikati. Nikaenda kuwaambia washuke, gari si letu tena. Mzee akaniambia, "Waache, kwanza niulize hao ni watoto wa nani," akafungua mlango wa mbele, akaketi, akageukia nyuma.

Teksi tuliirudisha.